Maji ya Chokaa ya Mwalimu Ombeni

Saa nne asubuhi ukungu ulikuwa bado umekalia mapaa ya Sekondari ya Ilembwe, na kila aliyempokea Inspekta Mwanaasha alimwambia kwamba kesi imeshakwisha. Mkuu wa shule alimwambia hivyo getini. Sajenti Lwitiko, aliyetangulia na pikipiki kutoka Vwawa, alimwambia hivyo mlangoni mwa maabara huku akipuliza viganja vyake. Mwanaasha alikuwa mtu wa Pangani. Miaka yake ya Songwe ameimaliza Tunduma, kwenye foleni za malori na magendo ya mpakani, na baridi hii ya Mbozi ilimtia hasira tangu ateremke garini. Kesi zinazokwisha kabla hajafika zilimtia hasira zaidi.

"Marehemu ni Mwalimu Ombeni, wa Kemia," Lwitiko alisema. "Amekutwa humu ndani saa moja asubuhi, amekaa kwenye kiti, kichwa kiko mezani. Jiko la mkaa miguuni. Madirisha yote yamefungwa. Sisi huku kila baridi ikishika tunazika watu wa namna hii, Afande. Mtu anaingiza jiko, anafunga, analala. Basi."

"Jiko aliliingiza nani?"

"Mwanafunzi. Anaitwa Ketrina, yuko kidato cha nne, ana miaka kumi na tisa. Amejitaja mwenyewe hata hatujauliza. Anasema mwalimu aliingia maabara alfajiri kuandaa mazoezi, akalalamika baridi, yeye akamletea jiko na kumfungia madirisha. Nimemweka ofisini kwa Mkuu, mgambo yuko mlangoni. Kesho tunamfikisha mahakamani, kuua bila kukusudia."

Mkuu wa shule, Mwalimu Gwamaka, alikuwa amesimama nyuma yao na koti la suti juu ya sweta mbili. Alikohoa kidogo. "Binti mwenyewe ndiye tegemeo letu la Kemia," alisema. "Tumewaweka kambini likizo hii yote kwa ajili ya mtihani wa Novemba. Watu walikuwa wanasema huyu atakuwa daktari. Sasa ndiyo hivyo tena. Ni ajali, lakini sheria ni sheria."

Alisema hayo kwa upole mno. Mwanaasha hakumwamini sana mtu anayeikubali sheria upesi kiasi hicho, hasa sheria inapomwangukia mtoto wa mtu mwingine. Aliingia ndani.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za zege. Jiko lilikuwa bado pale, limejaa majivu na vipande vichache vya mkaa uliozimika. Mlango wa stoo ya kemikali ulikuwa na kufuli lililokatwa.

"Hili?"

"La mwezi uliopita," Gwamaka alijibu haraka. "Wachimbaji wa dhahabu. Wanatafuta asidi ya kusafishia dhahabu yao. Kwa kweli hata mimi nilijiuliza, labda walirudi, labda Mwalimu aliwafuma..."

Mwanaasha aliingia stoo. Chupa ya asidi ya naitriki ilikuwa kwenye rafu ya juu, kifuniko chake kimefungwa kwa utepe wa dukani, vumbi limelala mabegani mwake bila alama ya kidole. Mwizi anayeua mtu kwa ajili ya asidi haachi asidi. Alitoka, akalifuta jambo la wachimbaji kichwani.

"Nionyeshe picha," alimwambia Lwitiko. Mwili ulikuwa umeshapelekwa hospitali.

Lwitiko alimpa simu. Mwalimu Ombeni alikuwa mwanamume wa makamo, shati limefungwa mpaka shingoni, koti zito. Mwanaasha aliikuza picha kwa vidole mpaka ikafika miguuni. Viatu vyeusi vya ngozi, kamba zimefungwa vizuri, na juu ya viatu, kifundo cha mguu kitupu.

"Hana soksi."

"Labda hana tabia ya kuvaa."

"Kwa baridi hii? Amevaa koti la jeshi, anasikia baridi mpaka aletewe jiko, halafu soksi hana tabia?"

Mwanaasha alianza kuzunguka meza. Mbele ya kila stuli palikuwa na bilauri ya kioo yenye maji, zimepangwa kwa ustadi meza hadi meza. Aliinama juu ya mojawapo, kisha nyingine. Maji yalikuwa angavu. Juu yake palikuwa na utando mwembamba sana, ungeweza kudhani ni vumbi.

"Haya ni maji gani?"

"Ya chokaa," Gwamaka alisema. "Hatuna fedha za kununua yale ya viwandani. Tunachukua chokaa ya kupakia kuta, wanafunzi wanaikoroga, wanaichuja kwa kitambaa. Leo walikuwa wafanye mazoezi ya kutambua gesi."

"Yalimiminwa lini?"

"Jana jioni. Darasa zima lilikuwepo, hata mimi nilipita nikawaona."

"Na jiko likawaka humu tangu alfajiri mpaka saa moja, madirisha yamefungwa."

"Ndiyo."

Mwanaasha aliipata Kemia yake ya kidato cha nne kwa C, na hiyo C aliitolea jasho. Lakini jambo hili hata aliyepata F analikumbuka, kwa sababu ndilo jaribio pekee ambalo shule maskini haikosi kulifanya. Mkaa ukiungua unatoa kaboni dayoksaidi, na kaboni dayoksaidi ikikutana na maji ya chokaa, maji yanakuwa meupe kama maziwa. Chumba kilichojaa moshi wa jiko mpaka kikaua mtu mzima kilipaswa kuwa na bilauri za maziwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Aliwaeleza. Gwamaka alitabasamu, tabasamu la mwalimu aliyemkamata mwanafunzi.

"Samahani, Afande. Mimi ni mtu wa Fizikia, lakini haya nayajua. Gesi ikizidi, ule weupe unayeyuka na maji yanarudi kuwa angavu. Watahiniwa wengi wanaisahau hiyo. Inawezekana yalikuwa meupe alfajiri, yakarudi."

Hoja ilikuwa nzuri. Mwanaasha alichukua mrija wa kioo kwenye droo, akaufuta kwa leso, akauingiza kwenye bilauri iliyokuwa karibu na jiko. Akapuliza taratibu. Mapovu yalipanda, na maji yakaanza kufifia, yakawa kama yameoshewa mchele, kisha yakawa meupe kabisa.

"Yangekuwa yameshashiba gesi, pumzi yangu isingeyafanya kitu," alisema. "Chokaa yote bado imo. Haya maji yamekaa hapa usiku kucha na hayajaonja jiko."

Tabasamu la Gwamaka liliondoka. Mwanaasha alijisikia raha, na hakuona sababu ya kuificha.

Hata hivyo pumzi peke yake isingetosha mbele ya hakimu. Alimwagiza Lwitiko atafute mkaa, awashe jiko lilelile nje mpaka lishike, aliingize kwenye stoo pamoja na bilauri mbili, afunge mlango na asiingie mtu. Bilauri nyingine aiache mezani. "Na ukienda kuzitoa, bana pumzi. Sitaki kuandika maelezo ya maiti ya pili."

Yeye akaelekea jikoni.

Jiko la shule lilikuwa banda la mabati lenye mafiga makubwa ya kuni. Mpishi, Nesta, alikuwa peke yake, anakoroga sufuria la maharage. Nesta alikuwa mjane mwembamba, mwenye mikono mirefu yenye nguvu, na kila mtu shuleni alimwita Mama Ketrina. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alipomwona Inspekta alipiga magoti kidogo kumwamkia kama wanavyofanya wanawake wa Unyiha, mwiko bado mkononi.

"Pole, Mama Ketrina."

"Nimeshapoa, Afande. Mtoto wangu amekula?"

"Nitauliza. Lile jiko la mkaa ni lako?"

"Langu."

"Alilichukua lini?"

"Alfajiri."

"Likiwa linawaka au limezimika?"

Nesta alikoroga. "Sikumwona, mimi nilikuwa huku na uji."

Mwanaasha aliusogelea moto, akanyoosha mikono. Sehemu hii hakuigiza, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kweli. "Mwenzenu mimi ni wa pwani. Baridi yenu hii itaniua. Usiku wa leo nikipewa chumba, naingiza jiko langu, nafunga kila kitu, najifunika gubigubi."

"Usithubutu!" Nesta aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Nyinyi wageni ndivyo mnavyokufa. Jiko unaliwashia nje, likishaiva ndipo unaliingiza. Na mlango unauwekea jiwe, usijifunge. Mimi nimezaliwa na mkaa, sijawahi kuacha jiko ndani bila jiwe mlangoni, hata nikitoka kidogo tu. Hata..."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Hata nini, mama?"

"Hata mtoto mdogo wa huku anajua, Afande."

Nyuma ya banda palikuwa na chumba cha mpishi, kimoja, cha tofali za kuchoma. Mwanaasha alikiona alipotoka. Kwenye nyumba za walimu zote madirisha yalikuwa yamefungwa, mengine yamezibwa kwa magunia ya mahindi kuzuia ukungu. La Nesta peke yake lilikuwa wazi kabisa, na magunia yake yametupwa nje kwenye majani yenye umande. Mlango ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu. Kando yake, chini ya ukuta, lilikuwepo jiwe laini la ukubwa wa mkate.

Alikuwa bado anaukodolea macho mlango ule simu ilipolia. Alikuwa daktari.

"Ni moshi wa mkaa, hilo halina ubishi," daktari alisema. "Damu ni nyekundu isivyo kawaida, midomo na kucha vivyo hivyo. Ila kuna jambo. Kucha za mkono wa kulia zimevunjika. Chini yake nimetoa vipande vya rangi. Rangi ya bluu, ya mafuta. Hiyo maabara yenu ina kitu cha bluu?"

"Haina," Mwanaasha alisema.

Alisogea mlangoni. Upande wa ndani, chini, karibu na mahali ambapo mtu anayetambaa angefikisha mkono, rangi ilikuwa imechunwa mistari mistari. Hapo moyo wake ukawa mzito. Tangu asubuhi alikuwa akimtetea yule binti ambaye hajamwona, na alikuwa anaanza kumpenda kwa kutomjua. Aliangalia komeo. Lilikuwa la upande wa nje. Kwa ndani hapakuwa na kitu ila msumari wa kutundikia nguo.

Lwitiko alikuja akikohoa, machozi yanamtoka, ameshika bilauri mbili kama mhudumu wa baa. Zote mbili zilikuwa na maji meupe yenye gamba juu. Ile iliyobaki mezani, alieleza, ilikuwa angavu vilevile.

"Kumbe hawakumuulia maabara," alisema.

"Tumwite Mama Ketrina."

Nesta hakukana. Aliona vioo, akaona mahali aliposimama Inspekta, akakaa chini kwenye kizingiti chake mwenyewe, miguu imenyooshwa mbele kama mtu wa msibani.

"Alikuwa kwangu," alisema. "Mke wake yuko kwao Msangano, mimi sina mume, haya ni mambo ya watu wazima. Niliamka kwenda kuwasha moto. Nikamwashia na yeye jiko, nikaliingiza, akiamka akute chumba kina joto. Kisha mwanangu akanijia jikoni mbio, anasema Mama, Mwalimu hapumui. Wanafunzi wote walikuwa darasani wanajisomea, nje giza na ukungu. Tulimvika, tukampakia kwenye toroli la kuni. Ketrina ndiye aliyesema tubebe na jiko, kwamba daktari akipima atakuta moshi, lazima pawe na jiko."

"Na mlango?"

Nesta alilitazama jiwe kwa muda mrefu. "Nadhani nililisahau. Sijawahi kusahau, Afande, lakini leo nadhani nilisahau. Mlango ukajifunga. Ni mimi niliyemuua. Mtoto mwachieni, alikuwa ananisitiri tu."

Alisema kweli yake yote, na Mwanaasha aliona kwamba anaiamini. Lwitiko aliinama akamnong'oneza mama yule maneno ya Kinyiha, na Nesta akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia bila sauti.

Walipokuwa wanavuka uwanja kurudi ofisini, Lwitiko alisema, "Hii imenyooka, Afande. Mama alipitiwa, binti akaficha aibu. Hapo hata hakimu atakuwa na huruma. Binti anarudi kambini jioni hii hii."

"Mlango uliojifunga wenyewe unafunguka ukiuvuta," Mwanaasha alisema.

Lwitiko alipunguza mwendo.

Ketrina alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha mbao ofisini kwa Mkuu, mikono mapajani, sare yake safi. Mgambo alitoka. Mwanaasha aliweka bilauri mbili mezani, moja nyeupe, moja angavu. Lwitiko akafungua karatasi za maelezo.

"Ipi ilikaa na jiko?"

Binti alizitazama. Ilikuwa kama ameulizwa darasani, jibu lilimtoka kabla hajajizuia. "Hii. Kaboni dayoksaidi imefanya kalisi kaboneti. Ni mashapo meupe." Kisha uso wake ukabadilika. "Zilikuwa mezani," alisema. "Tulimkalisha katikati yake. Niliikumbuka ile gesi moja, nikasahau nyingine."

"Mama yako ameshanieleza. Najua Mwalimu alikuwa kwake, najua mlimhamisha. Anasema alisahau kuweka jiwe, mlango ukajifunga. Nikiandika hivyo, wewe kesho huendi mahakamani kwa kuua. Utajibu la kuhamisha mwili, na Novemba unaingia kwenye mtihani."

Mwanaasha alisikia anavyoongea na akajishangaa. Alikuwa anamwekea binti yule mlango wazi, na alitaka sana apite. Angekubali tu, basi, yangeandikwa hivyo.

"Mama hakusahau," Ketrina alisema.

Kalamu ya Lwitiko ilisimama.

"Nilikwenda chumbani kwa mama kuchukua ndoo. Wenzangu walikuwa wanakuja nyuma yangu kuchota maji ya moto. Nikaona viatu vya Mwalimu mlangoni, mlango uko wazi, yeye amelala. Wameshanisema sana, Afande. Wanasema A zangu analipia mama. Nikavisukuma viatu ndani, nikaondoa jiwe, nikafunga komeo. Nilijua nitarudi kufungua wakishapita."

"Jiko uliliona?"

"Lilikuwa katikati ya chumba. Linawaka vizuri tu."

"Ukarudi?"

"Kengele ya kujisomea ililia. Msimamizi alikuwa anahesabu watu, nikaingia darasani." Sauti yake haikupanda wala kushuka, ila mikono aliibana katikati ya magoti. "Tulikuwa na karatasi ya maswali. Alitutungia yeye mwenyewe, kwa ajili ya kambi. Nilikuwa nafanya haraka kwa sababu yote nilikuwa nayaweza."

Lwitiko alimtazama Inspekta, kama anayeomba ruhusa ya kutoandika. Mwanaasha alitikisa kichwa. Lwitiko akaandika.

"Kulikuwa na swali linalosema, eleza kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Nikaeleza kwamba kaboni ikiungua kwenye oksijeni pungufu inatoa kaboni monoksaidi. Nikaandika mlinganyo, nikausawazisha. Nikaandika kwamba haina rangi wala harufu, kwamba inashika damu isibebe oksijeni, kwamba mtu akija kushtuka anakuwa hana tena nguvu za kufika mlangoni."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita kwenda kula, sahani zinagongana.

"Nilikuwa nimeshamaliza jibu lote, Afande, nimeshapiga na mstari chini yake. Ndipo nikaona nilichoandika."